NYUMBA YA MWENYEJI I WAPI?

Ndugu msomaji, kama umepata kupanda basi la Mombasa kwenda Nairobi, basi Kiboko unapajua. Ni kule mbele ya Makindu, katika jimbo la Makueni, penye chemchemi na migunga yenye magome ya manjano, mahali ambapo msafiri aliyechomwa na jua la Tsavo huona kivuli cha kweli kwa mara ya kwanza. Hapo pana nyumba ya wageni iliyoanzishwa na mzungu wa Scotland aliyeitwa J. A. Hunter, na jina lake kwa Kiingereza ni mwindaji, wala halikumdanganya. Katika miaka ya 1944 hadi 1946 aliwaua vifaru wapatao elfu moja katika nchi hiyo ya Makueni, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, ili msitu ufyekwe na Wakamba wahamishiwe huko. Elfu moja! Leo mtoto wa Makueni akitaka kumwona kifaru hana budi alipe kiingilio cha mbuga. Bwana Hunter alifariki hapo Kiboko mwaka 1963, na jina lake bado liko mlangoni.

Naanza na nyumba hiyo kwa sababu ndiyo iliyonitia fikira nilipokuwa njiani kwenda Nairobi mwezi uliopita. Nilikuwa nimetumwa na jamaa zangu niwapeleke watoto kuangalia ile nyumba mashuhuri ya Karen, chini ya milima ya Ngong. Nikajiambia, tangu Mombasa mpaka Nairobi, nyumba zinazotajwa njiani ni za nani?

Ya Karen tuliiona, na sitaificha haki yake. Ni nyumba nzuri ya mawe ya kijivu, paa la vigae, baraza pana, na mbele yake uwanja wa nyasi ulionyooka hata macho yakafika mlimani. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi. Bibi Karen Blixen, Mdenmark, aliteremka meli Mombasa mwezi wa Januari 1914 na ndoa yake ilifungwa papa hapa mjini kwetu, siku ile ile aliyofika au karibu yake, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Alihamia katika nyumba hii mwaka 1917. Akalima kahawa katika nchi ya juu mno na ya baridi, kahawa ikamkatalia, mume wakaachana, madeni yakamzidi, na mwaka 1931 akauza kila kitu akarudi kwao, asirejee tena Afrika. Kitabu alichokiandika baadaye, mwaka 1937, kikampa sifa ambayo kahawa haikumpa. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba ikaitoa zawadi kwa Kenya ilipopata uhuru, na mwaka 1986, baada ya sinema iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho, ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho.

Wenyewe waliiita Mbogani, na wanasema maana yake ni nyumba ya msituni. Sisi wa pwani tukisikia Mbogani twadhani ni mahali pa mchicha na mabamia. Mwanangu mdogo alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta bustani ya mboga, na binti aliyetutembeza akacheka sana.

Ndani mna vitanda, meza ya kulia, vitabu, ngozi za wanyama, viatu vya kupandia farasi. Jiko liko mbali na nyumba, kama lilivyokuwa desturi ya wakati ule. Lakini mimi nilikuwa namtafuta mtu mwingine. Namtafuta Farah Aden. Huyu alikuwa Msomali, Mwislamu, aliyekwenda kumpokea bibi huyu Aden kabla hajaona ardhi ya Kenya, na tangu siku hiyo mpaka mwaka 1931 yeye ndiye aliyeishika nyumba: funguo, fedha, watumishi, safari, mashauri na Wakikuyu wa shambani. Bibi mwenyewe amemwandika kwa heshima kubwa kuliko alivyowaandika wazungu wengi. Farah alikuwa na nyumba yake katika shamba hilo, na mkewe na jamaa za mkewe walioletwa kutoka Usomalini, nyumba ya sala na stara. Lakini tiketi tuliyokata ni ya nyumba ya bibi.

Hata rafiki yake, Denys Finch Hatton, ana habari yake kwetu. Alikuwa na nyumba ya pwani pale Takaungu, na ilikuwa anarudi kutoka pwani kwa ndege yake ndogo, Mei 1931, alipoanguka Voi akafa, yeye na mtumishi wake Kamau. Kaburi lake liko Ngong na watu hulizuru.

Sina ugomvi na nyumba ya Karen. Imetunzwa vizuri, watoto wamejifunza, na mataifa yanayotunza kumbukumbu hata za walowezi wao ni mataifa yenye akili. Ugomvi wangu ulianza siku ya pili, nilipoamua kurudi Mombasa kwa njia ya Machakos na Kitui, badala ya barabara kuu.

Njia hiyo hupita Wamunyu, na msomaji wa Mombasa afaa kupajua. Vinyago vya mbao vinavyouzwa kwa watalii toka Changamwe mpaka Malindi asili yake ni hapo. Mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alikwenda Tanganyika katika vita vikuu vya kwanza, akaona kazi ya wachongaji wa Kimakonde, akarudi nayo kwao. Kutoka katika mikono ya mtu mmoja wakatoka maelfu ya mafundi. Nikapita, nikafika Kitui adhuhuri, nikasali msikitini.

Baada ya sala mzee mmoja aliniuliza nitokako. Nilipomwambia Mombasa alitabasamu akasema, "Basi wewe ni wa kwetu. Babu yangu alikuja huku na msafara, akaoa, asirudi." Nikamwambia, "Mzee, mimi nimekuja kutafuta nyumba ya Kivoi." Alinyamaza kidogo, kisha akanichukua kwa mguu mpaka kwa rafiki yake, mzee wa Kikamba aliyekuwa amekaa nje ya nyumba yake ya mabati chini ya mwembe.

Hapa sina budi nimweleze msomaji Kivoi alikuwa nani, kwa sababu watoto wetu hufundishwa jina lake kwa mstari mmoja tu kisha mwalimu akageuza ukurasa.

Katika miaka ya 1840 biashara ya pembe za ndovu baina ya bara na Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wakamba. Misafara yao, watu mamia kwa safari moja, iliteremka kutoka Kitui, ikavuka nyika ya Taru, ikafika Rabai na Jomvu. Waliteremsha pembe, wakapanda na merikani, kaniki, ushanga, chumvi na masango ya shaba. Wafanyabiashara wa Mombasa waliwangoja kama wanavyongoja meli. Na tuseme ukweli wote, kwa sababu nusu ya ukweli haina faida: msafara haukubeba pembe peke yake. Watu pia waliuzwa, bara na pwani, na katika jambo hilo babu zetu na babu zao walishirikiana. Kivoi Mwendwa wa Kitui alikuwa mkubwa wa wafanyabiashara hao: mtu wa wake wengi, watumwa, ng'ombe na misafara, aliyejulikana toka mto Tana mpaka forodha ya Mombasa.

Mwaka 1849 alimpokea mgeni. Mgeni huyo alikuwa mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na barua ya Sayyid Said mkononi, akapokewa vyema na liwali, akasaidiwa lugha na kadhi mmoja wa mji. Mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wake mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakajenga Rabai. Kutoka huko Krapf akapanda Ukambani, akafika kwa Kivoi, akakaa nyumbani kwake. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wa kaskazini wenye kitu cheupe juu, mlima ambao Wakamba waliuita Ki Nyaa, mahali pa mbuni, kwa weusi na weupe wake. Na tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipofunguka, Krapf akauona kwa macho yake, pembe zake mbili nyeupe. Aliandika jina kama alivyolisikia. Wakubwa wa jiografia huko London wakamcheka: theluji penye Ikweta! Lakini jina likabaki, na ndilo lililoko leo katika pasi yako na katika fedha iliyomo mfukoni mwako.

Kwa hiyo jina la taifa letu liliingia katika maandishi kwa kinywa cha mwenyeji mmoja wa Kitui, akiongea na mgeni wake.

Krapf alirudi mwaka 1851. Mwezi wa Agosti akaandamana na Kivoi kuelekea mto Tana. Karibu na mto wakashambuliwa na wanyang'anyi. Msafara ukatawanyika, Kivoi akauawa. Mgeni aliponyoka peke yake mwituni, akafika mtoni, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu akajaza maji katika mifuko ya ngozi ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi walitaka kujua kwa nini yeye yu hai na mkubwa wao amekufa, na ilimbidi akimbie usiku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji hakupona.

Sasa tuhesabu. Krapf ana nyumba. Kanisa la kwanza la Rabai liligeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1994, na limebeba jina lake. Stanley na Livingstone wana nyumba: ukienda Kwihara, karibu na Tabora, utaonyeshwa tembe la Kiarabu la kuta nene za udongo, walimokaa mwaka 1872 kabla ya Livingstone kwenda safari yake ya mwisho. Tembe hilo lilijengwa na watu wa pwani na Waarabu kwa pembe na kwa jasho la wapagazi, nao ndio waliompa mgeni kitanda na uji, lakini mtu akiuliza nyumba ya nani huambiwa ya Livingstone. Bibi Karen ana nyumba. Hunter ana nyumba. Katika Afrika Mashariki mgeni akilala mahali siku mbili, jina lake huandikwa mlangoni, na mwenye nyumba husimuliwa kwa wingi: "wenyeji".

Nilimwuliza yule mzee wa chini ya mwembe: nyumba ya Kivoi i wapi?

"Nyumba ya nyasi haingoji makumbusho, mwanangu," akasema. "Mwenye nyumba akiondoka, inangoja mvua mbili tatu, basi."

Akanieleza zilivyokuwa nyumba za wazee wake: miti iliyopindwa na kufungwa kwa kamba za magome, nyasi zikashuka toka kilele mpaka karibu na ardhi, mlango mfupi wa kuinama, ghala za nafaka zikiinuliwa juu ya miguu ya miti, na mbele ya boma thome, mahali pa moto pa wanaume, ambapo mashauri yote yaliamuliwa na kila mgeni alipokewa kwanza. Kivoi na Krapf, kama ni kuzungumza, walizungumza thome. Mzee alisema yeye mwenyewe alipokuwa kijana alisaidia kujenga nyumba kama hiyo, na mikono yake bado inajua. Wajukuu zake hawajui.

Kisha akanigeuzia swali. "Na nyinyi wa Mombasa mliojenga kwa mawe, nyumba zenu zimesimama?"

Nilinyamaza, ndugu msomaji, kwa sababu niliona mbele yangu mitaa ninayoijua. Niliona nyumba za matumbawe na milango ya kuchonga ambazo baba alifariki, warithi wakawa kumi na wanne, kila mmoja na fungu lake la mirathi kama sheria inavyotaka, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kutengeneza paa wala anayekubali mwenziwe alitengeneze. Mvua ikaingia, boriti zikaoza, mlango ukauzwa peke yake kwa mtu wa mbali, na kiwanja kikafuata. Sheria ya mirathi haina kosa hapo. Kosa ni letu tusiokaa kikao tukaandika wakf au mapatano kabla mzee hajafa. Lamu kidogo wametutangulia: mji wao wa kale umo katika urithi wa dunia tangu 2001, na kuna nyumba moja ya Kiswahili iliyotengenezwa upya ili mgeni aingie aone daka, zidaka na ndani jinsi wenyewe walivyoishi. Hiyo ni nyumba ya mwenyeji. Lakini hata Lamu nyumba ngapi zimeingia mikononi mwa wageni wanaokuja kulala miezi miwili kwa mwaka?

Wako watakaosema kwamba nyumba ya nyasi haihifadhiki, kwamba makumbusho ni ya mawe. Hao waende Kampala. Pale Kasubi pana nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 na Kabaka Muteesa wa Kwanza, yule aliyejifunza Kiarabu na kufunga Ramadhani miaka kadhaa kabla ya wamisionari kufika kwake. Humo amezikwa yeye na makabaka waliomfuata. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliungua yote. Baganda walilia, kisha wakaijenga tena, na mwaka 2023 iliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu wana ukoo ambao kazi yake toka zamani ni kuezeka, na ujuzi haukuungua pamoja na nyasi. Wao hawakuihifadhi nyumba tu, walimhifadhi fundi. Na fundi wa Kitui yuko hai leo chini ya mwembe, umri wake umekwenda, na hakuna aliyemwomba amfundishe mtu.

Katiba ya 2010, katika ratiba yake ya nne, imeyatia makumbusho katika kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo Kitui na Makueni hazina haja ya kungoja Nairobi. Hatuombi jumba la kioo na zege. Twaomba boma moja la Kikamba, lenye thome, ghala na nyumba zake, lijengwe na wazee wanaojua huku vijana wakishika kamba, na liezekwe upya kila linapochakaa ili ujuzi usilale. Ndani yawekwe masango, kaniki, ushanga, mishale na mitego. Pembe hazihitajiki, Kenya ilichoma tani 105 za pembe mwaka 2016 na dunia ikaelewa. Na iandikwe habari ya waliouzwa pia, kwa herufi kubwa kama za waliouza. Jina la mlangoni liwe Kivoi, na Krapf aandikwe ndani, mahali pa mgeni.

Makueni nao wana yao. Kibwezi ndipo wamisionari wa Scotland walipoanzia mwaka 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Makindu pana hekalu la Makalasinga la mwaka 1926, ambapo dereva wa lori wa dini yoyote hulishwa bila kuulizwa. Yote hayo ni historia na yatunzwe. Lakini wale waliokufa kwa njaa kuu ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, wakati reli inapita katika nchi yao, na wale walioletwa kufyeka msitu wa vifaru kwa mikono mitupu na mbung'o, nyumba yao moja iko wapi ya kuonyeshwa mtoto wa shule?

Nilishuka Mombasa kwa ile barabara ya lami ya Mutomo na Ikutha, nikavuka mto Athi, nikatokea Kibwezi. Ni njia karibu na ile ya misafara, na kwa gari ni saa chache tu. Nilipofika nyumbani nilikumbuka deni jingine, na hili ni letu wenyewe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe zao kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, maelfu walikwenda kwa miguu Nairobi kumwona gavana, na kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa akahamishiwa Lamu. Jina lake leo ni mtaa katikati ya Nairobi. Lakini huko Lamu alikaa nyumba gani, katika mtaa upi, nani alimpelekea futari Ramadhani ilipoingia, nani alimfundisha Kiswahili cha Kiamu? Mara hii mgeni alikuwa Mkamba na mwenyeji ni sisi. Mzee yeyote wa Lamu, au mjukuu aliyesikia kwa bibi yake, na atuandikie katika ukurasa huu. Barua ya mkono yatosha, na kama iko picha, tutainakili na kuirudisha.